Kwa nini 4 na si 0: historia fupi ya waya zinazoingia kwenye kompyuta ya kiwanda

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kudhani nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Kapkatet, ambako mvua ya alasiri ikianza tu, umeme nao huanza kuwaza kama ukae au uende. Leo sitaandika kuhusu lugha za programu wala simu mpya. Nataka kuwasimulia historia ya kitu ambacho wengi wetu tunaoandika programu hatukioni kabisa: kile kipande cha plastiki chenye safu ya skrubu, kinachopokea waya za kiwanda na kuziingiza kwenye kompyuta. Mafundi hukiita moduli ya I/O, yaani moduli ya kuingiza na kutoa ishara. Mimi nina deni nacho, na deni lenyewe nitalieleza hapa hapa.

Kwa wasiopajua, Kapkatet iko kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, ukishapita Litein. Pande zote ni chai. Kampuni kubwa za Uingereza zilianza kufyeka mashamba yao Kericho katika miaka ya 1920, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kulima zao hilo mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na 1964 ikazaliwa KTDA. Tangu 2000 KTDA ni kampuni ya wakulima wadogo wenyewe, na Kapkatet ina kiwanda chake chini yake, kama ilivyo Litein na miji mingine ya huku. Mama yangu ni mmoja wa wakulima hao. Anachuma, anapeleka kituoni, kilo zinaandikwa, na mwisho wa mwaka anasubiri bonasi. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye bonasi hiyo. Kwa hiyo ninaposema kiwanda cha chai kimeharibu chai, kwetu hiyo si habari ya gazetini.

Sasa hadithi yenyewe. Miaka minne iliyopita, nikiwa nimemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta, niliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikifunga paneli za udhibiti viwandani. Tukapata kazi katika kiwanda kimoja cha chai. Sitakitaja, wala msijaribu kukisia, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuongoza kikaushio.

Kama hujawahi kuingia kiwanda cha chai, safari ya jani ni hii. Majani mabichi hunyaushwa kwenye mabeseni marefu yenye feni kwa saa nyingi, kisha hukatwakatwa na mashine za CTC, kisha huachwa yabadilike rangi kutoka kijani hadi hudhurungi, kisha huingia kwenye kikaushio. Huko ndani hupigwa na hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3 tu. Joto likipungua, chai hutoka mbichi na huota ukungu ghalani. Joto likizidi, chai huungua, na mnunuzi pale mnada wa Mombasa huijua kwa kuinusa tu. Kutengeneza kilo moja ya chai kavu kunahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Kwa hiyo kila kilo inayoungua ni zaidi ya kilo nne ambazo mtu aliziinamia shambani.

Kihisi cha joto kilikuwa kwenye kikaushio, mita kama 60 kutoka kwenye paneli. Kilipima nyuzi 0 hadi 200, na kilituma jibu lake kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Hesabu yake ni nyepesi: miliampia 4 ni nyuzi 0, 12 ni nyuzi 100, 20 ni nyuzi 200. Nilitaka nyuzi 130, yaani miliampia 14.4. Siku ya kujaribu mitambo, kabla fundi hajamaliza kufunga waya zote, skrini yangu ikaonyesha joto la nyuzi -50. Bosi wangu alikuwa anakuja na wageni. Mtu mmoja akacheka akauliza kama tumefunga kikaushio au friji. Nikaona aibu. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu, mstari wenye maana hii: kama mkondo uko chini ya 4, uhesabu kuwa ni 4. Ile -50 ikapotea, ikaandikwa 0 safi. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka.

Wiki kadhaa baadaye, usiku, skrubu moja kwenye moduli ililegea. Kiwanda cha chai hutetemeka muda wote, na waya ile haikuwa imekazwa vizuri. Waya ikachomoka, mkondo ukawa sifuri. Programu yangu ikaupokea sifuri, ikaufanya 4, ikasoma 4 kama nyuzi 0, ikaamua kwamba kikaushio kimepoa kabisa, ikafungua valvu ya mvuke mpaka mwisho. King'ora cha joto kuzidi hakikulia, kwa sababu nacho nilikifunga kwenye kihisi kile kile. Aliyegundua ni mhudumu wa kikaushio, kwa pua yake. Aliangalia kipimajoto cha mshale kilichokuwa ubavuni mwa mashine, akaona mshale umevuka 150, akakimbia kufunga mvuke kwa mkono. Chai iliyokuwa ndani ilitolewa ikawekwa kando. Mpaka leo harufu ile naijua.

Asubuhi nilimkuta fundi wa umeme wa kiwanda, mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu, amesimama mbele ya paneli na bisibisi mkononi.

"Kijana, hii namba yako inatoka wapi?"

"Kwa kihisi, mzee."

"Kihisi gani? Hiki?" Akainua waya kwa vidole viwili. Haikuwa imeshikwa na kitu chochote. "Waya imekatika na mashine yako inasema baridi. Sasa niambie, kwa nini hizi ishara huanza nne? Kwa nini zisianze sifuri kama hesabu ya watu wote?"

"Sijui, mzee."

"Ulisoma miaka minne na hukuuliza?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini swali lile lilinisumbua njia nzima mpaka nyumbani, na ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ambayo sikufundishwa darasani. Hebu tuipitie.

Kabla ya umeme, viwanda vikubwa duniani viliendeshwa kwa hewa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kipima joto au kipima shinikizo kilikuwa kinasukuma hewa kwenye bomba jembamba la shaba mpaka chumba cha udhibiti. Huko hewa ile ilisukuma mshale, au ilifungua valvu. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa pauni 3 hadi 15 kwa inchi mraba. Angalia hapo: hakikuanza sifuri. Mashine ikisema "hakuna joto" ilituma pauni 3. Bomba likipasuka, ilifika sifuri. Kwa hiyo mtu aliyekaa chumbani aliweza kutofautisha mambo mawili: "kitu ninachopima kiko chini kabisa" na "sina habari yoyote." Wataalamu huiita hali hii sifuri hai.

Vifaa vya elektroniki vilipoanza kuchukua nafasi ya hewa, miaka ya 1950 na kuendelea, kila mtengenezaji alikuja na kipimo chake. Wako waliotumia miliampia 10 hadi 50, wako waliotumia volti. Mwishowe miliampia 4 hadi 20 ikashinda. Ukigawanya 20 kwa 4 unapata 5, na ukigawanya 15 kwa 3 unapata 5 vilevile. Umeme ulirithi tabia ya hewa. Ukipitisha mkondo huo kwenye resista ya omu 250 unapata volti 1 hadi 5, ambazo kompyuta inazipima kwa urahisi. Na ile 4 ya chini ina faida ya pili: kihisi chenyewe kinaishi kwa umeme huo huo. Waya mbili tu zinabeba chakula cha kihisi na jibu lake kwa pamoja.

Unaweza kuuliza, kwa nini mkondo na si volti? Fikiria bomba la maji kutoka mtoni hadi nyumbani. Bomba likiwa refu, nguvu ya maji hupungua njiani, lakini kama halivuji, lita zinazoingia ndizo zinazotoka. Volti ni kama ile nguvu, hupungua waya ikirefuka. Mkondo ni kama zile lita. Kihisi kikisukuma miliampia 14.4 kule kwenye kikaushio, 14.4 ndizo zinazofika kwenye paneli, iwe ni mita 6 au 60.

Hiyo ni historia ya waya. Sasa tuje kwenye moduli yenyewe, na hapa inabidi twende Marekani, kwenye viwanda vya magari. Hadi miaka ya 1960 mashine za kiwanda cha magari ziliamuliwa na rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku. Ukuta mzima ulikuwa umejaa rilei, mamia kwa mamia, zimeunganishwa kwa waya. Kila modeli mpya ya gari ilipokuja, mafundi walilazimika kufungua ukuta ule na kufunga waya upya. Mwaka 1968 wahandisi wa Hydramatic, tawi la General Motors lililotengeneza gia, waliandika orodha ya masharti ya mashine wanayoitaka badala ya rilei. Iwe rahisi kupangwa upya pale pale kiwandani. Iwe ndogo kuliko ukuta wa rilei. Na itengenezeke kwa vipande vya kuchomoa na kuchomeka. Na ipokee umeme wa volti 115 moja kwa moja kutoka kwenye swichi za kiwanda.

Soma tena masharti mawili ya mwisho, maana ndani yake ndimo moduli ya I/O ilimozaliwa. Kompyuta za wakati ule zilikuwa zinakaa kwenye vyumba safi vyenye baridi, zikilishwa volti chache zilizochujwa. Wale wa Hydramatic walisema, sisi hatutaleta kiwanda chetu kwa kompyuta, kompyuta ndiyo ije kiwandani, na iwe na mlango unaostahimili vumbi letu na umeme wetu. Mhandisi Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates walikuwa tayari wanafikiria kitu cha namna hiyo. Morley mwenyewe alikuwa akieleza kwamba wazo aliliandika tarehe 1 Januari 1968. Mashine yao ikaitwa 084 kwa sababu ilikuwa mradi wao wa 84, na kampuni waliyoiunda ikaitwa Modicon. Mwaka 1969 ilianza kazi General Motors. Haikuwa na feni, ili isivute vumbi ndani. Kampuni ya kompyuta ya DEC nayo ilileta yake, PDP-14, lakini mashine ya Modicon ndiyo iliyofuatwa. Leo kompyuta za jinsi hiyo huitwa PLC, na ziko kila mahali, kuanzia viwanda vya saruji hadi vya chai.

Kilichofanya mashine hizo zidumu, kwa maoni yangu, ni mlango wake kuliko ubongo wake. Chukua mfano wa radi. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mvua yetu haiji bila ngurumo. Radi ikipiga karibu na kiwanda, au mota kubwa ya feni ikiwaka ghafla, umeme mkali hutambaa kwenye waya. Ukiziunganisha waya zile moja kwa moja na kompyuta, kompyuta imekwisha. Ndani ya moduli nyingi za swichi kuna ujanja mzuri sana: ishara inayotoka nje inawasha kitaa kidogo, na ng'ambo ya nafasi nyembamba kuna jicho linaloona mwanga wa kitaa hicho. Kati yao hakuna waya, ni mwanga tu unaovuka. Umeme mkali ukija unaweza kuchoma kitaa, lakini kompyuta hubaki salama. Moduli inakufa, unaichomoa, unachomeka nyingine. Na kwa kuwa skrubu ziko kwenye kipande kinachobanduka, huhitaji kufungua hata waya moja. Lile sharti la 1968 bado linatusaidia.

Baada ya kosa langu nilimwomba yule mzee anifundishe kufunga moduli kuanzia mwanzo. Akakubali, kwa sharti kwamba nisiguse kompyuta siku nzima. Nawapa aliyonifundisha kama alivyonipa. Kwanza zima umeme, kisha upime uhakikishe umezimika, usiamini swichi. Bana moduli kwenye reli ya chuma ya milimita 35 mpaka usikie inalia. Waya yenye nyuzi nyingi ndani usiiingize wazi chini ya skrubu, ivishe kwanza kikofia cha chuma na ukibane, la sivyo nyuzi hutawanyika na mtetemo huzilegeza. Kaza, halafu vuta waya kwa mkono. Isiyovutwa haijafungwa. Waya za ishara zipite njia yake, mbali na waya nene za mota. Ule utando wa chuma unaozunguka waya za ishara uunganishe na ardhi upande mmoja tu, kwenye paneli, kwa sababu ukiunganisha pande zote mbili umeme wa ardhini hupata njia ya kuzunguka na namba zako huanza kucheza. Mwisho, kila waya iwe na lebo pande zote mbili. "Mtu atakayekuja saa nane usiku," alisema, "anaweza kuwa ni wewe mwenyewe, na utakuwa umesahau."

Kisha nikarudi kwenye programu yangu. Nilifuta ule mstari. Kumbe miaka ya 1990 watumiaji wa vifaa hivi Ulaya, kupitia chama chao cha NAMUR, walishakubaliana jinsi ya kuzisoma ishara hizi: kati ya 3.8 na 20.5 ni kipimo halali, chini ya 3.6 au juu ya 21 ni hitilafu. Nikaandika hivyo hivyo. Mkondo ukishuka chini ya 3.6, programu haidai tena kwamba inajua joto. Inafunga valvu ya mvuke, inapiga king'ora, na kwenye skrini badala ya namba inaandika: HAKUNA KIPIMO. Tukaongeza kihisi cha pili kwa ajili ya king'ora pekee, chenye waya zake na moduli yake. Ile -50 iliyonitia aibu mbele ya wageni ilikuwa ni moduli inaniambia ukweli, kwamba hakuna waya hapa. Mimi nikaiziba mdomo ili skrini ipendeze.

Sisi watu wa programu tuna tabia hii. Data ikija na thamani ya ajabu tunaisafisha. Kwenye fomu ya tovuti, mtu asipojaza umri tunaweka 0 na maisha yanaendelea. Lakini 0 ni jibu, na kukosa jibu si jibu. Watu wa mabomba ya hewa walilijua hilo kabla babu zetu hawajapanda mche wa kwanza wa chai, wakaliweka kwenye pauni 3. Watu wa umeme wakalihifadhi kwenye miliampia 4. Mimi, mwenye shahada, nikalifuta kwa mstari mmoja.

Mwezi uliopita nilikaa na mama jikoni nikamweleza hadithi yote, sijawahi kumwambia kabla. Alisikiliza akiwa anachochea moto. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na ile chai iliyoungua, wenyewe waliambiwa?" Sikuwa na jibu zuri. Kiwanda kiliandika ripoti, kampuni yangu ilipunguziwa malipo, lakini mama fulani aliyechuma majani yale asubuhi hakuambiwa na mtu. Kwake ilionekana tu kama bonasi iliyopungua kidogo, bila maelezo. Ndiyo maana nimeiandika leo.

Kama unafanya kazi na mashine za namna hii, fungua programu yako kesho na utafute mahali unapogeuza "sijui" kuwa namba. Wakati mwingine, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu mizani ya kielektroniki inayopimia majani vituoni, maana nayo ina waya zake na hadithi zake. Alamsiki.